Fundi wa Mirunda

Kila asubuhi fundi wa mirunda, ile miti inayoshikilia dari mpaka ikauke, hupita chini ya zege bichi, akigonga mti mmoja mmoja kwa kifundo cha kidole huku ametega sikio. “Daktari, wagonjwa wako wameamkaje?” mafundi wenzake humtania, naye hujibu kwa kikohozi tu. Leo aligonga mrunda wa tisa, akarudia, kisha akauegemea kwa bega kama mtu aliyechoka. Shemeji yake, aliyekuwa akipita na ndoo, akaona jasho likimchuruzika. “Shemeji,” fundi akamwambia kwa sauti ya kubembeleza mtoto, “watoe wenzako nje. Taratibu, wasikimbie.”

“Na wewe je?”

“Nikiuachia huu, dari yote inashuka.”

Shemeji akatua ndoo, akawatoa wote. Alipogeuka, fundi alikuwa angali ameegemea, macho ameyafumba, kidole kikigonga polepole.