Mtoto Hajambo

Mwaka ule baridi ya Juni iliingia Shinyanga mapema. Ni ile baridi kavu inayokuja na upepo na vumbi, inayopasua midomo na kuwafanya wanaume wazima wavae makoti ya wake zao bila aibu. Mimi haikunisumbua. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimepasuliwa hospitali, akatolewa mtoto wangu wa kwanza, wa kike, akiwa hana uhai. Wanawake wa ukoo walimzika siku ileile, mimi nikiwa bado kitandani. Hakukuwekwa matanga, kwa kuwa mtoto ambaye hakulia hawekewi matanga. Waliniambia nitapata mwingine, wakarudi makwao.

Nesi aliyenitoa nyuzi alibonyeza pembeni ya kidonda akauliza kama nasikia. Nikamwambia sisikii.

"Ganzi hiyo itaisha yenyewe," akasema. "Mwili umelegea. Ukishapata nguvu kidogo, fanya mazoezi."

Nilitaka kumuuliza ganzi hiyo inafika mpaka wapi, lakini foleni ilikuwa ndefu.

Msimu wa pamba ulipofunguliwa nikarudi kazini. Nilikuwa karani wa mizani kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa pili wa mji. Bodaboda aliyekuwa akinibeba wakati wa ujauzito alikuwa mtu wa maneno mengi, nami sikutaka maneno. Nikaazima baiskeli ya dada yangu, yenye kikapu mbele na breki moja inayofanya kazi. Mume wangu, ambaye kazi yake ni mgodini upande wa Geita, alipopiga simu nikamwambia naendesha baiskeli. Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Ndivyo tulivyokuwa tukizungumza.

Njia yangu ilikuwa tambarare isipokuwa mwinuko mmoja, ambao ukiwa mzima huuoni hata kidogo. Asubuhi ya kwanza uliniua. Nilifika katikati miguu ikitetemeka, kifua kinawaka, nikashuka. Na pale pale niliposhuka ndipo alipokuwa na genge lake mama mmoja muuza uji, wa umri wa mama yangu, mwenye sauti ya kufika ng'ambo ya reli. Nilikuwa nikinunua uji kwake enzi za tumbo kubwa. Sasa aliniona nimesimama mbele ya sufuria zake, nimeshika usukani, nahema. Kwetu Usukumani mtu mwenye adabu hushuka kwenye baiskeli kumsalimia mkubwa wake. Akadhani nimeshuka kwa ajili yake.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa kuwa ilibidi niseme kitu.

"Marahaba, mayu! Mhola?" akaitika, akiniuliza hali kwa Kisukuma.

"Mhola duhu," nikajibu, yaani salama tu.

"Na mtoto?"

"Hajambo."

Lilitoka lenyewe. Salamu zetu ndivyo zilivyo: unaulizwa nyumbani, ng'ombe, mashamba, na kote huko ni kuzuri tu, hata kama nyumba imeungua. Ukweli husubiri salamu ziishe. Lakini zilipoisha mimi bado nilikuwa natafuta pumzi, na yeye alikwishachota uji.

"Mama Kichanga," akasema, "unanyonyesha wewe. Kunywa."

Nikanywa. Ulikuwa uji wa ulezi wenye karanga, mzito, wa moto. Mikono yangu iliyokuwa imekufa kwa upepo ikaanza kuuma.

Ningeweza kumwambia kesho yake. Badala yake nikashuka tena palepale, nikahema, nikasalimia, nikaambiwa ninywe. Kikombe changu kikawa kinanisubiri pembeni. Akauliza mtoto namwachia nani, nikasema bibi yake. Akauliza maziwa yanatosha, nikasema yanatosha. Julai akauliza kama shingo imekaza. Nikapiga hesabu ya wiki kichwani, nikasema imeanza kukaza. Aliwatangazia vibarua wa pamba waliokuwa wakinywa uji kwamba mtoto wa huyu ameanza kukaza shingo, nao wakapongeza. Sikuona haya wala sikuumia. Nilirudisha kikombe, nikapanda baiskeli, nikaenda kuandika uzito wa malori.

Watu hudhani mwongo huwa anajua anachotafuta. Mimi sikutafuta kitu. Sasa naona kwamba ile ilikuwa sehemu moja tu duniani ambako binti yangu alikuwa anakua.

Na mwili ukarudi, tena kwa uji wa mama anayenyonyesha. Mwishoni mwa Julai nilifika kwenye genge nikiwa sihemi tena. Nilikuwa nashuka kwa mazoea, au kwa woga wa kutoshuka. Nilijua ningeweza kuumaliza mwinuko. Nilijua pia kwamba nikipita bila kusimama siku moja, nitapita siku zote, na sitalazimika kusema uongo tena, wala ukweli.

Kisha akaniletea kofia. Ilikuwa ya sufu, ya manjano, ameifuma mwenyewe kwa mabaki ya nyuzi, kubwa kama chungwa.

"Baridi hii mbaya," akasema. "Mfunike utosi."

Niliitia kwenye kikapu nikashukuru. Kazini niliiweka mezani kando ya daftari la mizani, na kila dereva aliyeingia aliuliza ni ya nani. Nikaishia kuificha kwenye droo, na jioni nikairudisha kikapuni. Siku ile niliandika uzito wa lori moja mara mbili, kosa ambalo sikuwahi kulifanya.

Kesho yake nikaamua kupita. Nilianza kukanyaga kwa nguvu kabla mwinuko haujaanza, kichwa chini, macho kwenye tairi la mbele. Nikasikia, "Mama Kichanga!" Sikuinua kichwa. Nikasikia tena, safari hii kwa mbali. Nikafika juu bila kuweka mguu chini, kwa mara ya kwanza tangu nipasuliwe. Nilikuwa nimejiahidi kwamba siku hiyo nitafurahi. Nikasubiri furaha, haikuja.

Nikageuka nyuma. Alikuwa amesimama barabarani, ameacha wateja wake, amenyoosha mkono wenye kikombe changu. Uji ulikuwa unafuka moshi.

Nikateremka nikikokota baiskeli. Kuteremka kule kulinichosha kuliko kupanda. Nilipomfikia sikumpa shikamoo, maana ningeanza na salamu ningejibu hajambo.

"Mama, mtoto hayupo," nikasema. "Alizaliwa amekufa. Tangu masika."

Akakiweka kikombe chini. Kisha akakasirika, na ilikuwa haki yake.

"Miezi miwili!" akafoka. "Miezi miwili namwombea mtoto meno! Na uji wangu wote ule! Wewe ni mtu wa namna gani?"

Nikasema sijui. Ilikuwa kweli, sikujua. Vibarua wawili waliokuwa kwenye benchi wakatazama vikombe vyao. Nikaitoa kofia kwenye kikapu nikamrudishia. Aliipokea, akaikunja mara mbili, akaikunjua, akaitia mfukoni mwa aproni. Hasira ikamtoka, akabaki amesimama tu kama mimi.

"Mlimwita nani?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Si nesi, si wakwe, wala wale wanawake waliomzika. Jina tulikuwa nalo tangu mvua za kwanza, mimi na mume wangu, la bibi yake mzaa baba, lakini baada ya hospitali hata sisi wawili hatukulitamka tena. Hapa sitaliandika. Pale nikalitamka, na sauti ikakatika katikati, nikalazimika kulirudia. Nililia nimeegemea usukani, kilio cha kelele, cha makamasi, asubuhi kweupe barabarani. Mama yule alinishikia baiskeli isianguke. Nilichelewa kazini siku ile, nikapewa maneno makali na msimamizi, nikayasikia yote.

Kesho yake nilipanda mwinuko bila shida yoyote, nikashuka mbele ya genge.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," akaitika. Na akaniita Mama, akaongeza jina la binti yangu, kwa sauti yake ile ya kufika ng'ambo ya reli.