Siku Mama Shija Alipofika na Mzigo Wake

Iko siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka nachanganyikiwa upya, kana kwamba ndiyo kwanza nimesimama pale uani na sufuria ya maharage mkononi. Umeniambia umepata nyumba nje ya mji, kule ambako viwanja bado vina mabua ya mahindi, na kwamba dalali anakuharakisha. Mwache asubiri kidogo. Kaa nikusimulie jinsi mimi na Baba Rehema tulivyonunua yetu.

Mimi ni mtoto wa mjini. Wazazi wangu walikuwa wafanyabiashara wa Ngokolo, pale Shinyanga, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, jirani akikohoa unampa pole bila kutoka kitandani. Mume wangu alikuwa dereva wa lori la mpunga. Miaka ile Kahama ilipoanza kufumuka kwa sababu ya migodi, akasema tuhamie huko, kazi zipo. Katikati ya mji hapakushikika kwa bei, tukaenda kupata nyumba pembeni, mahali ambapo huwezi kusema ni mjini wala huwezi kusema ni kijijini. Umeme umefika, lakini asubuhi ng'ombe wanapita mlangoni kwenda lamboni kunywa maji. Jirani mmoja alikuwa na gari bovu, na mke wake anaanika michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, juu ya paa la gari hilo hilo.

Nyumba yenyewe ilikuwa mpya kabisa. Muuzaji alikuwa kijana anaitwa Shija, mpole, mwenye haraka. Alisema anataka kwenda Geita kuingia kwenye uchimbaji. Tulifuata taratibu zote: mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, mashahidi walikuwepo, kila mtu akatia sahihi. Nakuambia hili mapema usije ukadhani tulitapeliwa. Hatukutapeliwa. Ndiyo maana mambo yaliyofuata yalinishinda kuyaelewa.

Kwanza nyumba ilikuwa na mambo yake. Kule uani kulikuwa na chumba peke yake, kimejengwa vizuri kuliko hata chumba chetu cha kulala, lakini mlangoni hakina ngazi. Sakafu imesawazishwa na ardhi, unaingia kama unayetembea barabarani. Dirisha lake linatazama zizi jipya la miti ambalo halijawahi kulaza hata mbuzi. Pembeni kuna jiko la kuni, na jiwe la kusagia limejengewa pale pale kwa saruji. Nani siku hizi anajengea jiwe la kusagia? Nikamuuliza mume wangu. Akasema, "Kijana alikuwa na mipango yake, achana nayo."

Halafu majirani. Wasukuma ni watu wa salamu, na salamu walitupa, tena za kutosha. Lakini hakuna aliyeingia. Wanasalimia wakiwa barabarani, wanauliza habari za watoto, wanapita. Siku moja pale bombani mama mmoja akaniuliza, "Ninyi ndio mnakaa kwa Mama Shija?"

Nikamwambia, "Hapana, tumenunua kwa Shija mwenyewe."

Wakatazamana, wakaendelea kuchota maji. Nilikaa na lile jambo moyoni. Leo nasema ni kwa sababu sisi ni Waislamu. Kesho nasema ni kwa sababu sijui Kisukuma. Keshokutwa nasema labda nimejifunga kanga vibaya. Kila siku nilikuwa na sababu mpya, na hakuna hata moja niliyomuuliza mtu.

Ndipo ikafika siku hiyo. Jua lilikuwa limeshapanda, mimi niko uani naosha maharage. Bodaboda ikasimama nje. Akashuka mama mtu mzima, mnene kidogo, miguu imevimba, ana kiroba cha michembe, mkeka uliokunjwa na kuku amefungwa miguu. Akanipita. Akaenda moja kwa moja mpaka kile chumba cha uani, akashusha mzigo, akakaa mlangoni pake, akanyoosha miguu, akacheka peke yake kwa furaha.

Nikamsogelea. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mke wa Shija?"

"Hapana, mama. Mimi ni Mama Rehema. Hapa ni kwangu."

"Ee, ni kwako," akasema, akinishika mkono. "Mke wa mwanangu, ni kwako kabisa. Hakuniambia kama ameoa! Watoto wa siku hizi!"

Nikajaribu tena kwa Kiswahili cha polepole. Yeye akanijibu kwa Kisukuma cha haraka. Rehema alikuwa mdogo, akaja kuchungulia, yule mama akampakata na kuanza kumwimbia. Mwanangu, ungefanya nini? Mimi nilimletea maji, nikasimama pembeni kama mgeni nisiyejua nimemfuata nani.

Baba Rehema aliporudi alasiri nikamweleza. Uso ukambadilika. Alikuwa amesikia mjini habari za watu wanaouza nyumba, kisha wanaleta ndugu kuja kulia uani mpaka mnunuzi anakimbia mwenyewe. "Leo mama," akaninong'oneza, "kesho watakuja wajomba." Akapiga simu ya Shija. Haipatikani. Akapiga tena na tena, haipatikani.

Akachuchumaa mbele ya yule mama, akamweleza kwa heshima kwamba nyumba imeuzwa. Mama Shija akamsikiliza, akatikisa kichwa.

"Shija hawezi kuuza," akasema, safari hii kwa Kiswahili. "Ng'ombe wa marehemu baba yake ndio waliojenga hapa. Mimi niko kijijini Didia nasubiri, kila nikimpigia anasema bado rangi. Nimechoka kusubiri rangi. Hiki chumba nilikiomba mimi, kisiwe na ngazi, kwa sababu ya miguu. Na nilisema nikiamka nione ng'ombe dirishani."

Nikaona chumba kimepata mwenyewe. Lakini tulipoingia ndani mume wangu akasema, "Hayo anaweza kuyasema mtu yeyote aliyekiona chumba." Na hilo pia lilikuwa kweli! Unaona nilivyokuwa? Nikimtazama mama, namwamini. Nikimsikiliza mume wangu, naye namwamini. Baba Rehema akasema anakwenda kwa mwenyekiti, aje amtoe yule mama. Nikamwomba anipe muda kidogo, nikajifunga ushungi, nikavuka barabara kwenda kwa Mzee Masanja.

Mzee Masanja alikuwa mfugaji, mkubwa kuliko wote mtaani. Nilimkuta zizini anamtoa ndama kupe. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakuacha kazi yake.

"Leo ndiyo mmekuja kuuliza," akasema. "Mlipokuwa mnanunua hamkuvuka hii barabara."

"Kwani mlijua, mzee?"

"Mtaa mzima ulijua. Kijana alikuwa anasimamia mafundi hapo, kila siku nyumba ya mama, nyumba ya mama. Alipouza, tukadhani mmeambiwa, mkaamua kunyamaza."

"Mbona hamkutuambia?"

Akamwachia ndama. "Tulisema ni mambo ya familia yao," akasema taratibu. "Tulikosea. Ndiyo maana hatuingii kwenu. Tungeingia tukasema nini?"

Nikamuuliza, "Sasa nyumba ni ya nani?"

"Ni yenu. Hilo halina ubishi."

"Na mama je?"

"Mama hana kosa."

"Basi nifanye nini, mzee wangu?"

"Hilo silijui," akasema. "Ila usimpeleke kwa mwenyekiti kabla hajala chakula chako. Na ukimfukuza, usiseme umefanya hivyo kwa kuwa umenunua. Sema umefanya kwa kuwa umeogopa."

Nilirudi nikasonga ugali. Akala. Siku hiyo akalala kile chumba, na kesho yake, na siku zilizofuata, kwa sababu hakuna kati yetu aliyejua neno la kumwambia. Alisaga mtama kwenye lile jiwe. Majirani wakaanza kuingia, wanakuja kumwamkia yeye, wakimaliza wananigeukia mimi. Hivyo ndivyo nilivyowafahamu watu wa mtaa wangu. Nilifurahi, na papo hapo nilikereka, maana nilikuwa napokewa nyumbani kwangu mwenyewe. Yeye aliniita mke wa mwanangu, nami nikachoka kumsahihisha.

Baba Rehema alipopata safari ya kupeleka mpunga Geita, akamtafuta Shija kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo. Akamkuta. Duara alilochimba na wenzake, yaani shimo lao la dhahabu, lilikuwa halijatoa kitu. Alipomwona mume wangu alidhani amefuatwa na polisi. Alipoambiwa mama yake yuko wapi, akakaa chini kwenye vumbi. Akasema, "Mwambie hukuniona."

Mume wangu alirudi na maneno hayo, akabaki ndani ya lori hashuki. Nikapanda nikakaa naye. Tukikubali, tunamdanganya mama. Tukikataa, tunamuumiza. Tulizunguka kwenye maneno hayo hayo mpaka Baba Rehema akasema, "Mimi siwezi kula chakula kimoja naye huku nimemfichia mtoto wake." Tukamwita Mzee Masanja aje atusaidie kwa Kisukuma, tusije tukakosea hata neno.

Mama Shija alisikiliza yote, mikono magotini. Uchimbaji, kuuza, simu iliyozimwa, mwambie hukuniona. Mzee alipomaliza, akauliza swali moja tu.

"Amekonda?"

Baba Rehema akainama. "Amekonda, mama."

Hapo ndipo alipolia. Hakuililia nyumba.

Kesho yake alikunja mkeka. Nikashtuka. Tulikuwa tumeshakubaliana na mume wangu kwamba kile chumba kibaki chake mpaka mwisho wake, na nikamwambia hivyo nikimshika mkono. Akaniita jina langu kwa mara ya kwanza.

"Mama Rehema, wabeja, ahsante sana. Lakini nikikaa kwenu, Shija atarudi wapi? Hapa hawezi kuja, atawaogopa. Acha nikae Didia, mahali anapoweza kubisha hodi."

Mtaa mzima ulimsindikiza stendi.

Baadaye tulisikia kwamba Shija alirudi kwa mama yake, analima mpunga na kuchunga ng'ombe wa mjomba. Kwetu hakufika. Ila siku moja nilimwona stendi ya Kahama, nimeelemewa na kikapu. Akaja akakichukua bila kusema kitu, akakifunga vizuri kwenye bodaboda, akaondoka. Mpaka leo sijui kama alinikosea mimi, au mimi nilimkosea mama yake, au sote tulipita tu mahali ambapo hakuna aliyeangalia alipokanyaga.

Sasa nikuambie ninalolijua, mwanangu, maana si jingi. Kabla hujatoa chochote, nenda kwenye hiyo nyumba kwa miguu, bila dalali. Waamkie watu. Uliza nani aliijenga, aliijenga kwa ajili ya nani, na kama huyo mtu anajua inauzwa. Ukiona kitu usichokielewa, chumba au ukimya, usijipe jibu peke yako kama mimi. Vuka barabara ukaulize, hata kama utaonekana mjinga. Na ukishafanya yote hayo bado akatokea mtu mlangoni na mzigo wake, mpe maji kwanza. Haki yako haitakimbia wakati anakunywa. Usione haya kukaa hujui la kufanya. Hofu yangu ni kwa yule anayejua upesi mno.

Nenda, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe nyumba ambayo hakuna anayeililia, majirani wanaoingia mpaka jikoni, na watoto wasiokuficha walipo. Na popote utakapoweka kichwa chako, akupe usingizi. Amina.