Msimbaji wa Polepole Niliyemfukuza

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Butembo, sikugusa kompyuta hata kidogo. Chef de service, yaani mkuu wa ofisi, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinipa orodha ya majina na kalamu nyekundu, akaniambia nibadilishe kila herufi kwa alama nitakayoitunga mwenyewe. Nilifanya hivyo mpaka saa sita. Nilikuwa na diploma ya informatique, yaani ya kompyuta, ndani ya mfuko, nikajiona nimedharauliwa.

Aliporudi, aliitazama karatasi yangu akacheka.

"Kambale, hii kazi ni bure. Angalia. Hizi alama zinarudia hapa, na hapa, na hapa tena. Mutu wa Butembo akiona vile, anasema: huyu ni Kasereka. Huku tuko na ba-Kasereka wangapi?"

Kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, hivyo majina yale yale yanarudi katika kila nyumba. Na orodha yetu haikuwa ya mchezo. Bureau, yaani ofisi yetu, iliandikisha watoto waliopotezana na wazazi wao kwa sababu ya vita: jina, wazazi, alama ya mwili, na familia inayowatunza. Orodha hiyo ikiangukia mikono mibaya, watoto na waliowapokea wangekuwa hatarini. Kwa hiyo diski iliyoitunza ilisimbwa, yaani maandishi yake yaligeuzwa yasisomeke bila nywila, na kazi yangu kwa miaka mingi ilikuwa kuilinda.

Ninyi vijana mnaandika nywila, mafaili yanafunguka, mnaendelea na mambo yenu. Ngoja niwaeleze yanayopita chini yake. Juu kabisa kuna mfumo wa mafaili, unaojua folda na majina tu. Chini yake, ndani ya kiini, ile programu kuu inayoongoza mashine nzima, kuna tabaka la kusimba diski. Watu hudhani tabaka hilo ndilo linalopiga hesabu. Wapi! Lenyewe linachukua kipande cha data, linakwenda kwenye ghala la kiini lenye njia zote za kusimba, linaomba moja kwa jina. Na njia hiyo ina sehemu mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani inavuruga data. Ya nje inachanganya humo nafasi ya kipande kwenye diski, ili Kasereka wa hapa na Kasereka wa pale wasifanane wakishasimbwa. Ndiyo maana Chef alinitesa kwa kalamu yake.

Kuna jingine. Kwa jina moja, ghala linaweza kuwa na wasimbaji wawili, yaani programu mbili za kusimba. Mmoja ni mwepesi, maana anatumia amri maalumu zilizomo ndani ya prosesa za kisasa. Wa pili ameandikwa kwa hesabu za kawaida. Ni wa polepole, lakini anafanya kazi kwenye prosesa yoyote. Kila mmoja ana namba ya cheo, na kiini humchukua mwenye cheo kikubwa. Yule wa polepole anakaa tu, mwaka baada ya mwaka.

Baadaye nilihamishiwa Beni, kwenye komini, yaani kata, ya Ruwenzori. Chef alinisindikiza mpaka mlangoni na kunipa agizo moja.

"Kule utakuta mashini mupya, utataka kupunguza kiini. Punguza. Mais ile ya polepole uiache. Na mimi nitabakisha CD ya kiini cha kwanza hapa mu kabati."

Niliitika. Moyoni nilisema mzee huyu ameachwa na wakati.

Beni umeme ulikuwa wa kubahatisha. Tulitegemea groupe, yaani jenereta, saa chache kwa siku. Seva ikichelewa kuwaka, watu wanapanga foleni uani. Nikaanza kukipunguza kiini: hiki toa, kile toa. Nilipomfikia msimbaji wa polepole nikajiuliza, wawili kwa kazi moja wa nini? Nikamtoa. Seva ikawaka haraka, nikasifiwa, nikavimba kichwa.

Nikaongeza jambo la pili, na hili linaniuma zaidi. Diski ilipokataa kufunguka, mashine ilimwaga mistari ya Kiingereza iliyowatisha wenzangu. Nikatunga programu ndogo ya kuifunika. Kosa liwe la namna yoyote, kioo cha kompyuta kilionyesha maneno manne tu ya Kifaransa: Mot de passe incorrect, yaani nywila si sahihi. Niliona nimewarahisishia maisha.

Miaka ikapita. Asubuhi moja groupe iliwaka kwa nguvu kupita kiasi, na seva ikaungua. Diski ilikuwa nzima. Niliichomoa nikaifunga ndani ya mashine ya zamani tuliyokuwa nayo stoo, nikaiwasha kwa kiini changu kile kile. Masika, binti aliyetunza nywila yetu kichwani bila kuiandika popote, akaja kuiandika. Kioo kikajibu: Mot de passe incorrect. Akaandika tena. Vile vile. Mara ya tatu aliandika herufi moja moja, na jibu likawa lile lile.

Siku hiyo kwenye benchi alikaa mama mmoja, Kahindo, aliyetoka Luofu. Alikuwa anamtafuta mwanawe Kasereka, wa miaka minne, aliyepotezana naye barabarani watu walipokimbia. Alikuwa ameambiwa kwamba mtoto wa namna hiyo aliandikishwa kwetu. Alinyanyuka akasogea mlangoni.

"Papa, mutoto wangu iko mu ile mashini?"

"Jina lake njo iko ndani, mama."

"Basi mulitoshe."

Kwetu kutosha ni kutoa. Nikarudi kwenye mashine.

Coordonnateur, mkuu wetu, alitoka mkoa mwingine na alikuwa mtu wa haraka. Alimwita Masika mbele ya wote.

"Mademoiselle, uliibadilisha ile mot de passe?"

"Hapana, Monsieur. Ni ile ile."

"Donc umeisahau. Ao uliipatia mutu. Monsieur Kambale, ile diski tuiformater, tuifute yote, tuanze registre mupya leo leo. Boye te?" akamalizia kwa Kilingala, yaani si hivyo?

Nilishtuka. Nywila si ufunguo wenyewe wa diski. Mwanzoni mwa diski kuna sehemu ndogo, na humo ufunguo wa kweli umefungwa. Nywila hufungua sehemu hiyo tu. Ukiifuta, hata anayejua nywila hataiona tena orodha. Nilimwomba saa moja. Akanipa, huku akiangalia saa yake.

Sasa niseme ukweli: hata mimi nilimshuku Masika. Nilikaa mbele ya mashine nikiwaza amechanganya herufi gani. Yeye alisimama nyuma yangu, machozi yamemlenga, kisha akauliza kwa sauti ndogo:

"Papa Kambale, ile maneno, ni mashini njo inayasema, ao ni weye uliyaandikaka?"

Ni mimi niliyeyaandika. Niliiondoa programu yangu, Masika akaandika nywila mara nyingine, na safari hii kiini kikasema chenyewe. Hakikulalamika juu ya nywila. Kilisema kwamba ghalani hakuna wa kuifanya kazi iliyoombwa. Prosesa ya mashine ile ya zamani haikuwa na zile amri maalumu, kwa hiyo msimbaji mwepesi hakuweza kuamka. Na yule mwingine, anayefanya kazi popote, nilimfukuza kwa mikono yangu.

Nilikwenda kwa Coordonnateur nikiwa na Masika kando yangu.

"Monsieur, Masika hana kosa. Kosa ni yangu, yote. Asiiguse mutu ile diski."

Aliacha kuangalia saa yake. "Weye? Na ile sifa yote tulikupatia?"

"Ndiyo, mimi."

Nilipiga simu Butembo. Chef alikuwa tayari amestaafu, lakini CD ilikuwa kabatini pale pale alipoiacha, na mwandiko wake juu yake. Dereva mmoja wa taksi aliipokea na kuiteremsha Beni. Alasiri niliwasha mashine kwa kiini kile cha zamani, kizima, kisichopunguzwa kitu. Masika aliandika nywila ile ile ya asubuhi.

Ikafunguka. Polepole kweli, mafaili yalijitokeza moja moja, na Coordonnateur aliguna nyuma yetu. Mimi nilitamani kulia kwa furaha. Tulikuta Kasereka saba wenye umri ule. Masika aliwasoma mmoja mmoja kwa sauti, mama Kahindo akitikisa kichwa kukataa, mpaka Masika akafika kwa mwenye kovu la moto kwenye goti la kushoto, jina la mama Kahindo, kwao Luofu, anatunzwa na familia ya wavuvi kule Kyavinyonge.

Mama aliweka mkono kwenye meza.

"Usome tena."

Masika akasoma tena. Mama akamwomba mara ya tatu, tukamsomea.

Jioni ile ile nilimrudisha msimbaji wa polepole ndani ya kiini cha Beni, na ile programu yangu ya maneno manne niliifuta. Masika nilimwomba radhi mbele ya bureau nzima, kama alivyotuhumiwa mbele ya bureau nzima. Tangu hapo alikaa karibu yangu, akajifunza kila tabaka, na leo ndiye mwenye kiti changu.

Siku ya kustaafu kwangu walinipa saa ya ukutani na soda. Masika alinionyesha seva mpya aliyoiandaa mwenyewe. Inawaka kabla hujamaliza kuvuta kiti. Niliisifu. Kisha sikuweza kujizuia, nikamuuliza kama yule wa polepole bado yumo.

"Iko, Papa. Sijaigusa."

Kisha akanionyesha karatasi aliyobandika juu ya kioo, kwa ajili ya watakaokuja baada yake. Ilikuwa na mstari mmoja, kwa mwandiko wake: *Hii njo ilimutosha mutoto wa mama Kahindo. Mutu asiitoshe.*