Bata wa Kuazima

Kijiji kizima cha Kafr Nuwar kilijua kwamba bata wa Inshirah hawana mfano. Aliwalisha kwa mdomo: anajaza kinywani maji na mahindi yaliyolowekwa, anambana bata magotini, anampulizia kooni. Kwenye maji yao ya kunywa alitia antibayotiki, ile poda ya duka la dawa za mifugo, wasije wakaugua. Nani hakutia?

Basi Daktari Ibtihal wa mifugo alipoanza kupita nyumba kwa nyumba akipima bata, maji ya mfereji na watu wenyewe, akisaka bakteria sugu wasiosikia dawa, Inshirah aliingiwa na hofu. Si ya bakteria, ya kijicho. Mgeni awatazame bata wanono kiasi kile, kesho wataamka kweli? Akawafungia chumba cha nyuma, akaazima watatu wa jirani, wamekondeana, hawajawahi kuonja dawa kwa kuwa mwenyewe hana cha kununulia. Kupimwa yeye akakataa katakata. Majibu yakaja: nyumba safi. Akacheka peke yake mpaka machozi.

Haukupita muda, binti yake Rajaa, aliyekuja kujifungulia kwao na kumsaidia kulisha, akashikwa na homa ya figo. Hospitali ikamtundikia dripu ya dawa ya kawaida, homa isishuke. Inshirah alikuwa kando ya kitanda, mjukuu mapajani, daktari wa wodi alipomgeukia Ibtihal, aliyeitwa kwa sababu ya vipimo vyake.

"Kwao kuna bakteria sugu?"

"Hakuna. Bata niliwapima mwenyewe."

"Basi tuendelee na hii hii. Ile kali ndiyo ya mwisho tuliyo nayo, tusiichezee."

Inshirah angeweza kunyamaza, na heshima yake ingebaki palepale. Lakini Rajaa alikuwa anaweweseka.

"Wale hawakuwa bata wangu," akasema.

"Unasemaje, Mama Rajaa?"

"Niliwaazima. Wangu niliwaficha. Wamekunywa dawa tangu vifaranga, na tunawalisha kwa vinywa vyetu, mimi na huyu."

Ibtihal akamgeukia. "Sasa ulinificha kwa nini?"

"Niliogopa jicho lako."

"Jicho langu! Mama, mimi kwetu hata njiwa sina!"

"Ndiyo maana nikaogopa zaidi."

Daktari wa wodi hakucheka. Wala hakungoja majibu ya mkojo. Alibadilisha dawa papo hapo. Ibtihal akaenda kupima bata wa kweli, na safari hii Inshirah naye akakubali kupimwa. Bakteria yule yule akakutwa kwa bata, kwenye mfereji pale wanapoogelea, ambapo mwanzo hapakupimwa, kwa Rajaa, na kwa Inshirah mwenyewe, asiyeumwa hata kidole. Hilo la mwisho lilimchoma maskini, maana kulisha ndiyo kazi aliyoijua maisha yake yote.

Homa ikashuka. Asubuhi moja Rajaa akafumbua macho, akaomba maji. Inshirah akainyakua gilasi, akaifikisha karibu na midomo ya binti yake, kisha mkono ukasita.

"Nesi," akaita, "njoo umnyweshe mwanangu wewe."