Unga wa Dawa Kifuani mwa Neema

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa mvi zimenijaa. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na mitatu, napima unga katika kiwanda kimoja cha dawa hapa Dodoma. Ulikuwa unga wa protini itolewayo kwenye kongosho la nguruwe, wa kutengenezea vidonge vya watu ambao matumbo yao hayasagi chakula. Ukiugusa tu, unapaa kama vumbi la soko la Kibaigwa msimu wa mahindi.

Tulipewa barakoa nene zenye vichujio. Joto lilikuwa kali, nami nilikuwa mjuaji. Ujana, mwanangu, una masikio lakini hausikii. Akaletwa Neema, msichana wa Mpwapwa, nimfundishe kazi.

"Dada, mbona wewe huvai?"

"Hii ni dawa, mdogo wangu. Dawa itamdhuru nani?"

Akaivua yake. Mdharau mwiba mguu huota tende. Zilianza chafya, kikaja kikohozi, nasi tukasingizia upepo wa kiangazi. Mwezi wa tatu wa kazi yake, asubuhi, akaangusha kijiko cha kupimia, akajishika shingo. Kifua kilipiga filimbi, midomo ikabadilika rangi. Mzee Ndahani, msimamizi wetu, alimbeba mikononi, gari likamkimbiza hospitali. Mzee aliporudi alinitazama mimi tu.

"Nani alimwambia avue?"

"Ni mimi, mzee."

"Dawa ya tumboni, mapafu huiona adui, binti. Na mwili ukishaichukia, hausamehe."

Sikumwelewa. Jumamosi, Neema akiwa ameruhusiwa kutoka hospitali, nilitoka zamu, nikapanda basi kwenda kwao Neema kumwomba radhi, nguo zilezile za kazi mwilini. Alinikumbatia akicheka. Kabla hajaniachia, nikaisikia filimbi ile kifuani mwake. Mama yake alinisukuma nje.

"Toka! Umemletea nini tena mwanangu?"

Nilisimama uani, naitazama mikono yangu kama si yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Sikuwahi kudhani ni nguo hizi, zilizobeba ule unga.

Neema alipona, lakini kiwandani hakurudi, na hadi leo hatoki bila kipulizio chake cha pumu.

Nawe Jumatatu unaanza kazi ileile. Vaa barakoa inayobana uso, hata joto likuchome. Usifungue mfuko wa unga kabla feni ya kunyonya vumbi haijawaka. Nguo za kazi ziache hukohuko, uoge, ndipo ukawabebe wanao. Ukikohoa, sema siku hiyohiyo. Na akija mgeni, usimwambukize ujuaji.

Mungu ailinde pumzi yako, mwanangu, uje uwaimbie nayo wajukuu.