Mwashi Aliyesahau Plasta

Saa tatu asubuhi, meza ya kulia imeshatekwa. Mke wa fundi na chai yake wamehamia kwenye kochi, na mezani imesimama ngome ya povu: minara minne, lango, na ukuta unaomfikia mtu kiwikoni. Fundi anaupitishia kidole taratibu, akitafuta tundu.

"Tundu moja tu, rangi ikapenya, kwaheri," anasema.

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mwashi wa majengo ya kukaa watu. Kisha jukwaa la ujenzi likakatika ghorofa ya pili, akaanguka. Alilala miezi minane, na mgongo haukurudi kuwa ule. Kilichomuuma zaidi, anakiri bila kuzunguka, ni majirani. Waliozoea kuuliza "Fundi yupo?" walianza kuuliza "Mgonjwa anaendeleaje?"

Kazi hii aliletewa na mwalimu wa hesabu wa mtaa wa pili. Mwalimu na wenzake hukutana Jumamosi kucheza vita vya mezani, kwa askari wadogo wa kimo cha kidole gumba, dadu, na rula ya kupimia hatua. Walikosa ngome ya kugombania.

"Nilicheka mpaka mbavu zikauma," anasema mkewe, mshonaji. "Watu wazima na ndevu zao! Kugeuka, mwenzangu keshaanza kukata povu gumu la boksi la televisheni."

Ngome ya kwanza ilimla wiki tatu. Alichora kila tofali kwa ncha ya kalamu, akaitoa uani, akaipulizia rangi ya kopo. Minara ikaanza kunywea mbele ya macho yake.

"Ile rangi inayeyusha povu," anasema. "Mimi, mwashi, nimepaka rangi kabla ya plasta! Kibarua angenifanyia hivyo, ningemfukuza kabla ya chai."

Alinuna siku mbili. Ya tatu akaanza ngome nyingine: akachekecha mchanga kwa soksi kuukuu ya mkewe, akaukoroga na gundi na maji. Safari hii amepiga plasta mikono miwili, tabaka juu ya tabaka.

Leo mwalimu anakuja kuichukua. Hii nayo ikiyeyuka, fundi amejiapiza kugawa vifaa vyake vyote vya uashi, kuanzia mwiko hadi timazi. Mkewe anajua hatanii.

Uani fundi anatikisa kopo, anapuliza. Ngome inageuka kijivu. Wanasubiri, chai ikipoa mkononi mwa mke. Dakika tano. Kumi. Ukuta umesimama.

"Haya, pumua basi, baba," mkewe anamwambia. "Utaanguka tena."

Fundi anacheka na kufuta macho kwa mkono wenye rangi. Sasa anataka kujenga mji mzima wa kuwekwa ndani ya ngome: soko, daraja, nyumba zenye madirisha.

"Na meza yako mwenyewe," mkewe anadakia.

Mlangoni inasikika hodi. Ni sauti ya mwalimu: "Fundi yupo?"

Mke anamtazama mumewe kwanza. Kisha anajibu kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Yupo! Fundi yupo!"