Mafundo Saba Juu ya Bahari ya Baba

Kila ninapoleta vifaranga wapya na kuwasha ile balbu nyekundu ya kuwalea, vumbi lililokaa juu yake tangu msimu uliopita huungua kidogo na kutoa harufu kavu, kama ya chapati iliyosahaulika jikoni. Wengine wakiinusa hufikiria kuku. Mimi humwona baba yangu amepiga magoti sebuleni kwetu Karurumo, mikono ya shati imelowa hadi kwenye viwiko, akiwabembeleza samaki kwa Kiswahili cha Pwani.

Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mpishi wa hoteli huko Pwani tangu kabla sijazaliwa, na nyumbani alikuja Krismasi tu. Niwaambie ukweli, hata mbwa wetu alikuwa akimbwekea siku mbili za kwanza. Mwaka huo hoteli ilifungwa na wafanyakazi wote wakaambiwa waende kwao. Watu wa kwetu walitarajia ashuke na televisheni, au angalau godoro zuri. Alishuka na begi moja la kijani, tangi la kioo lililofungwa kwa blanketi, mitungi ya maji ya bahari, na ndoo yenye kifuniko ambayo hakutaka mtu mwingine aibebe.

"Miaka yote hiyo, na amerudi na maji," alisema jirani yetu, Mama Njeru. Maneno hayo yalifika sokoni kabla ya begi kufika chumbani.

Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na mawe machache yaliyoota vitu ambavyo sikuwa nimeviona hata kwenye vitabu vya shule. Baba alisema ni matumbawe laini, na kwamba ni wanyama, si maua. Alikuwa amepewa na rafiki yake Bakari, aliyekuwa akitunza samaki wa hoteli. Yale ya kwanza yalikuwa bapa na mekundu, tukayaita uyoga. Ya pili yalikuwa na vishina vyenye viganja vidogo vilivyofumba na kufumbua, kufumba na kufumbua, mchana kutwa, utadhani yanamwita mtu. Hayo tuliyaita mikono. Niliyapenda mikono kwa mapenzi ambayo sikuwa nimempa bado baba mwenyewe.

Siku ya tatu au ya nne nilikuwa nyuma ya mlango wa jikoni nikiambua maharagwe, nikamsikia akimwambia Mama, "Hivi vitu vikifa, Mama Muthoni, nitajua huku si kwangu tena. Nitarudi Pwani nikatafute jiko lingine." Mama alizidisha tu kelele za sufuria. Niliacha kuambua. Tangu siku hiyo, kila nilipoingia sebuleni, niliyatazama yale matumbawe kwanza kabla ya kumsalimia mtu yeyote.

Shida ilikuwa taa. Bakari alikuwa amempa na taa yake, lakini ilivunjika njiani, na matumbawe bila mwanga hufa njaa kama mahindi chini ya gunia. Baba alijua samaki wa kupaka na wa kukaanga. Walio hai alikuwa anaanza nao darasa la kwanza.

Mama ndiye aliyetoa wazo. "Si kuna ile ya kuku? Funga hiyo."

Tukaifunga. Na kwa kuwa hakuna mtoto wa kwetu asiyejua kupima urefu wa taa ya vifaranga, nikajipa cheo cha fundi. Sheria ni rahisi: vifaranga wakisongamana chini ya taa, wanahisi baridi, ishushe, wakikimbilia pembeni, wanaungua, ipandishe. Samaki wetu walikimbilia pembeni. Nikapandisha. Wakabaki pembeni. Nikapandisha tena, hadi balbu ikakaribia dari, na bado maji yalikuwa vuguvugu kama ya kumwogesha mtoto, na kioo kikaota utelezi wa kijani. Mikono ikaanza kujikunja. Baba alipompigia Bakari simu na kumweleza, Bakari alicheka hadi nikamsikia kutoka nilikokaa.

"Sasa ndugu yangu, unawalea au unawapika? Tafuta taa nyeupe isiyo na moto, uichanganye na ya buluu. Kule chini baharini mwanga mwekundu haufiki, unaofika ni ubuluu."

Baba akaenda Embu mjini, akarudi na taa mbili za LED za kufunga nje ya nyumba. Nyeupe ilikuwa ya kawaida. Ya buluu, muuzaji alimwambia, hununuliwa na wenye baa. Tulipoziwasha jioni ile, dirisha letu liliwaka buluu hadi barabarani, na kabla ya ugali kuiva wanaume wawili waliotoka kiwanda cha kahawa walibisha mlango kuuliza kama tumeshafungua. Mama, aliyekuwa mwelekezaji wa waumini kanisani, alifunga pazia kwa pini na hakusema na Baba hadi kesho yake.

Lakini Baba alikuwa na furaha. Alizining'iniza taa shibiri moja tu juu ya maji, akaziwasha kutoka alfajiri hadi saa ya kulala. "Bahari ni jua tupu," aliniambia. "Wacha washibe."

Siku ya nne uyoga ulianza kupauka kingo. Siku ya tano mikono ilijifumba kabisa, ikawa ngumi ndogo za rangi ya majivu. Simu ya Bakari ilikuwa imezimwa, na siku iliyofuata pia ilikuwa imezimwa. Baba hakulaumu mtu. Aliteremsha lile begi la kijani kutoka juu ya kabati, akafua mashati yake yote siku ya Jumatano, siku ambayo kwetu hakuna mtu anayefua. Nilipoyaona mashati kwenye kamba nilijua anafunga safari.

Alhamisi baada ya shule nilienda kwa Cucu, mama yake Baba, aliyekuwa na kitalu cha miche ya kahawa bondeni. Sikwenda kutafuta ushauri. Nilienda kulia mahali ambapo Mama hangeniona. Nikakaa kando ya miche, na macho yangu yakaangukia mmoja uliokuwa umechomoza nje ya neti ya kivuli. Majani yake yalikuwa yamepauka. Rangi ile niliijua. Niliijua vizuri mno, kwa sababu mwaka uliotangulia niliwahi kuondoa neti yote kwa mkupuo mmoja nikidhani ninamsaidia Cucu, na miche mia na kitu ikageuka rangi hiyo hiyo. Cucu hakunichapa. Alinikalisha chini akaniambia, "Mche wa kivulini haupelekwi juani kwa siku moja. Unautolea kivuli kidogo, wiki baada ya wiki. Hata mtu ni hivyo." Hayo maneno ya mwisho nilidhani ni ya kuongezea uzito tu, kama watu wazima wanavyofanya.

Nikaruka. "Cucu, nipe kipande cha neti!"

"Cha kufanya nini?"

"Cha bahari ya Baba."

Alinitazama, akachukua kisu, akanikatia.

Nyumbani hapakuwa na mtu. Baba alikuwa ameenda stendi kuulizia basi la Mombasa. Nilizima taa kwanza, nikapanda stuli, nikaipandisha kamba hadi taa zikawa juu kabisa, karibu na boriti. Kwenye kamba nilipiga mafundo saba, kila moja chini ya lingine, ili taa ziweze kushuka fundo moja moja. Nikafunika taa kwa neti, nikiacha nafasi zisipate joto. Kisha nikafanya jambo lililokatazwa: nikazamisha mkono kwenye ile bahari ya kioo, nikausogeza uyoga chini ya mwamba uliojitokeza, penye kivuli, kama kahawa inavyokaa chini ya mti wa mukima. Mikono nikaiacha juu, kwa sababu ilipokuwa na afya ilikuwa ikinyooka kuelekea kwenye mwanga.

Mkono wangu ulikuwa bado majini Baba alipoingia. Tiketi ilikuwa inachungulia mfukoni mwa shati lake.

"Muthoni. Wafanya nini?"

"Yameungua, Baba. Hayajafa. Yalitoka kwa ndoo ya giza tukayapeleka juani siku moja."

"Nani kakufundisha?"

"Kahawa ya Cucu."

Maji yalidondoka kutoka kwenye kiwiko changu hadi kwenye kitambaa cha Mama. Baba akavuta stuli akaketi. "Na haya mafundo?"

"Moja kila Jumapili. Na tuzime mapema, hata mche unalala."

Akayahesabu kwa kidole. "Basi," akasema, "nitangoja fundo la kwanza."

Jumapili ya kwanza hakuna kilichobadilika, lakini pia hakuna kilichozidi kuharibika, na Baba akasema atangoja la pili. Jumapili ya pili uyoga ukapata wekundu katikati. Akangoja la tatu. Tiketi ilihama kutoka mfukoni hadi kwenye Biblia, ikawa ya kushikia ukurasa.

Wakati huo Cucu alikuwa akimwita Baba kila asubuhi kwa vijishughuli vya kuchekesha. Kwanza ilikuwa kumwagilia miche tu. Wiki iliyofuata, kujaza udongo kwenye vifuko. Kisha kupunguza neti, safu moja. Mama alinung'unika, maana shamba lilikuwa linangoja kulimwa na yeye ndiye aliyelilima peke yake miaka yote. "Si wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe?"

"Jembe liko," Cucu alimjibu. "Halijaenda mahali."

Jumapili ya fundo la tano tulitoka kanisani, mimi nikiwa mbele, viatu mkononi. Nilifungua mlango na kusimama. Ngumi moja ilikuwa imefumbuka. Kiganja kimoja, kidogo kuliko ukucha wangu, kilifumba. Kikafumbua. Kikafumba tena.

Nilipiga kelele ambayo Mama alidhani nimeumwa na nyoka. Baba alikuja mbio, akaona, akanibeba juu juu mimi mtoto wa miaka tisa mwenye miguu mirefu, akanizungusha hadi nikapiga kalenda ya ukutani ikaanguka. Alikuwa analia na kucheka pamoja. Mama naye akaanza kuimba. Nilikuwa nimewashinda watu wazima wote wa nyumba ile, na hapakuwa na hata mmoja aliyeona ubaya.

Kufikia fundo la saba neti ilikuwa imetoka, taa zilikuwa zimeshuka mahali pake, na mikono yote ilikuwa inapunga. Watu walikuja hata kutoka Runyenjes. Mama Njeru aliinama mbele ya kioo kwa muda mrefu kuliko wote. "Kumbe maji yenyewe yana watu ndani," akasema, na maneno hayo pia yakafika sokoni.

Bahari ile bado iko. Ninayo mimi, na vipande vyake vimegawanywa kama vipandikizi, kimoja kiko kwenye maabara ya shule niliyosomea. Ile kamba ninayo pia. Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu, na ni ushindi wangu, simwachii mtu. Lakini kuna jambo la Jumapili ile ya mwisho ambalo nililiona bila kulitazama. Katikati ya wageni wote, Cucu aliingia na jembe jipya lenye mpini aliouchonga mwenyewe, akampita kila mtu, akampa Baba. Baba alilipokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa, na kesho yake akaingia shambani kabla ya jua kuchomoza. Mimi sikujali. Nilikuwa nimebandika pua kwenye kioo, nikidhani kilichokuwa kinarudishiwa uhai sebuleni mle ni matumbawe peke yake.